Nyumba moja, msiba na harusi

*Miaka miwili ya kusoma Pune, India, ilinipa shahada. Familia ya Kihindu niliyopanga kwao ilinipa kingine: ujasiri wa kumuuliza mchumba wangu maswali ambayo wachumba wengi tunayakwepa.*

Ukimwambia Mbongo unakwenda India, atakuuliza mambo mawili: unaumwa nini, na utamwona nani wa kwenye filamu? Mimi sikuwa naumwa, na nyota wa filamu niliwaona kwenye mabango tu. Nilikwenda Pune, mji wa vyuo ulio kama kilomita 150 kutoka Mumbai, kusoma shahada ya pili. Ilikuwa katikati ya mwaka 2022. Nikapata chumba cha juu katika nyumba ya familia moja eneo la Kothrud: baba mstaafu wa benki, mkewe, na binti yao wa pekee, mhandisi aliyenizidi miaka miwili.

Walikuwa Wahindu. Niliweke sawa hili mapema, maana nyumbani tunachanganya sana. Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Kuna Wahindi Waislamu, Wakristo, Masingasinga na wengine wengi. Wale wenye mahekalu pale Kisutu, Dar es Salaam, ndio Wahindu.

Kilichonichekesha kwanza ni lugha. Kwa Kimarathi, lugha ya Pune, baba ni baba. Hapo tuko pamoja. Lakini mama ni mjomba! Dada ni kaka mkubwa, na kaka ni baba mdogo. Mama mzazi anaitwa Aai, na dada mkubwa anaitwa Tai. Siku niliyoambiwa "mama anakuja kula", nilijifunga khanga yangu nzuri nikamsubiri mama wa makamo. Akaingia mzee mwenye masharubu.

Basi mama mwenye nyumba akawa Aai wangu, binti yake akawa Tai, na mzee akawa Baba. Jioni tukishamaliza chai, Tai ananionyesha picha za sari na mimi namwonyesha picha za mchumba wangu aliyebaki Dar. Sote wawili tulikuwa wa kuolewa. Yeye tarehe yake ilishapangwa, Desemba 2023.

Kwa nini Desemba? Kwa sababu kwao hamfungi ndoa eti ukumbi umepatikana. Kuna miezi minne, kuanzia wakati wa mvua mpaka baada ya Diwali, ambapo familia nyingi haziozeshi. Inaaminika kwamba mungu Vishnu amelala. Akiamka, watu kwanza huuozesha mmea wa tulsi, jamii ya mrehani unaopandwa nyumba nyingi za Kihindu. Kuanzia hapo kadi za harusi humiminika. Wewe uliyezoea kusubiri Kwaresima au Ramadhani ipite utaelewa.

Msiba ukatangulia

Agosti 2023, mvua ikinyesha usiku kucha, Baba aliamka akilalamikia kifua. Hakufika asubuhi.

Msomaji, mimi nimezoea misiba yetu. Turubai, viti vya kukodi, masufuria nje, kamati, na mwili kusubiri ndugu wa mikoani hata siku nne. Kwao kila kitu kilikwenda kasi mpaka nikaogopa. Baba alifariki alfajiri, na jioni ya siku ileile tulishatoka kumchoma.

Walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamlaza chini sakafuni. Aai akafungua kichupa cha shaba kilichokaa kabatini miaka na miaka. Ndani yalikuwa maji ya mto Ganga. Akamdondoshea mumewe kidogo mdomoni, pamoja na jani la tulsi. Hakulia. Mikono tu ndiyo ilikuwa inatetemeka. Kisha mwili ukafungwa juu ya machela ya mianzi, uso wazi, maua juu.

Hapo ndipo lilipoibuka swali la kwanza: nani atashika moto?

Kwa desturi, anayetangulia na chungu cha moto na kuuwasha mwili ni mtoto wa kiume, hasa wa kwanza. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Ndugu mmoja akapendekeza mpwa wa marehemu. Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa. Tai akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye mtoto wake." Wakamtazama Kaka, yaani baba yake mdogo. Kaka akamtazama Aai. Aai akatikisa kichwa kukubali, na likaisha.

Tai hakuwa wa kwanza. Mwaka 2018, waziri mkuu wa zamani Atal Bihari Vajpayee alipofariki, aliyewasha moto alikuwa binti yake wa kulea, taifa zima likitazama kwenye televisheni. Mwaka 2021 mwigizaji Mandira Bedi aliongoza mwenyewe mazishi ya mumewe jijini Mumbai. Wapo waliomsema vibaya mitandaoni, na wapo waliompigia makofi.

Wanawake wengi wa Kihindu hawaendi mahali pa kuchomea, lakini kwa kuwa Tai alikwenda, na sisi tukaenda. Pale Vaikunth, mahali maarufu pa kuchomea miili mjini Pune, Tai alibebeshwa chungu cha maji begani. Akauzunguka mwili wa baba yake mara tatu. Kila mzunguko mtu nyuma yake anakitoboa chungu kwa jiwe, na maji yanamwagika. Mwisho akakitupa nyuma bila kugeuka, kikapasuka. Kwa sababu ya mvua hatukutumia kuni. Tai aliweka moto mdogo wa kafuri juu ya mwili, kisha ukasukumwa ndani ya tanuri la gesi. Mlango ukafungwa. Ile sauti ya mlango ninaisikia hadi leo.

Tuliporudi, kila mtu alioga kabla ya kukaa. Jiko la nyumba halikuwashwa. Majirani ndio walioleta wali na dengu, siku baada ya siku, kwa zamu. Hakuna aliyechangishwa, na hakuna aliyelalamika kwamba nyama haikumfikia. Siku ya tatu wakachukua majivu, na baadaye wakayapeleka Nashik, kwenye bwawa takatifu la Ramkund, wakayatia katika mto Godavari.

Bangili

Swali la pili liliibuka siku ileile, na hili ndilo lililonikaa moyoni zaidi.

Mwanamke wa Kimarathi aliyeolewa unamtambua kwa macho. Ana alama nyekundu kwenye paji la uso, mkufu wa shanga nyeusi na dhahabu shingoni, pete za vidole vya miguu, na bangili za kioo za kijani. Mumewe akifa, kwa desturi ya zamani alama ile inafutwa, mkufu unavuliwa, na bangili zinapasuliwa palepale mikononi mwake. Tangu siku hiyo mjane hakaribishwi mbele katika shughuli za heri. Hampaki bi harusi manjano. Anakaa nyuma.

Shangazi mmoja, dada wa marehemu, alimshika Aai mkono ili azipasue. Tai akaingia katikati. Sikuelewa maneno yote, Kimarathi changu kilikuwa cha sokoni, lakini sentensi moja niliielewa: "Mwacheni ataamua mwenyewe." Shangazi akatoka nje analia. Usinielewe vibaya, hakuwa mtu katili. Yeye mwenyewe ni mjane, na zake zilipasuliwa akiwa na miaka 34.

Aai aliuvua mkufu wiki ile, mwenyewe, chumbani kwake, akauweka kwenye kisanduku. Bangili hakuzivua. Aliniambia, "Mkufu alinivalisha yeye. Bangili nimevaa tangu mtoto." Na ni kweli, kwao msichana huvaa bangili kabla hata hajamjua mume.

Kumbe mjadala huu ulikuwa tayari ni wa jimbo zima. Mei 2022 kijiji cha Herwad, wilaya ya Kolhapur, katika jimbo hilohilo la Maharashtra, kilipitisha katika mkutano wa kijiji azimio la kupiga marufuku desturi hizi za kumvua mjane mapambo yake. Mwezi uleule serikali ya jimbo ikavitaka vijiji vingine viige. Hawakuletewa na wageni. Walikaa wanakijiji wenyewe wakasema hapana.

Kunguru na ahadi

Siku ya kumi, familia hukaa mtoni na kuweka matonge ya wali. Wanamsubiri kunguru. Akija akaligusa tonge, marehemu ameridhika. Asipokuja, ina maana kuna jambo linamsumbua, na ndugu humtajia ahadi kwa sauti hadi kunguru ashuke. Nilitabasamu kidogo, maana kunguru wenyewe nawajua! Ni walewale wanaotusumbua Dar. Asili yao ni Bara Hindi, wakaletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19.

Tulisubiri. Kunguru wako juu ya mti, wanatutazama. Mpwa akaahidi kumwangalia Aai. Kimya. Kaka akaahidi kwamba nyumba haitauzwa. Kimya. Tai akasimama akasema harusi itafungwa kabla mwaka haujaisha, na Aai ndiye atakayemtoa. Muda mfupi baadaye kunguru mmoja akashuka.

Mimi sijui kama ilikuwa ahadi au njaa ya kunguru. Ninachojua ni kwamba maneno yale yalishasemwa mbele ya ndugu wote, na hakuna aliyeweza kujifanya hakuyasikia.

Nani atamtoa bi harusi?

Katika familia ile waliamini kwamba mzazi akifa, mtoto aolewe ndani ya mwaka, la sivyo wasubiri miaka mitatu. Harusi ikasogezwa hadi Februari 2024. Lakini kumtoa binti, tendo wanaloliita kanyadaan, hufanywa na baba na mama pamoja. Wazee wakasema Kaka na mkewe washike nafasi. Aai atakuwepo, ila nyuma.

Wiki mbili nyumba ilikuwa moto. Simu kila jioni. Upande wa bwana harusi ulikuwa umeshasema hautaki mahari. Kumbuka, kwao mzigo huo huangukia upande wa mke, na ingawa sheria imeupiga marufuku tangu 1961, bado upo. Lakini hata wao waliogopa maneno ya watu kuhusu mjane kuwa mbele. Bwana harusi ndiye aliyewamaliza. Alikuja mwenyewe, akakaa sebuleni, akawaambia wazazi wake na Kaka, "Mimi namwoa binti ya huyu mama. Asipokuwa mbele, namwoa nani?"

Wakatafuta kuhani wa kike. Pune inajulikana kwa kufundisha wanawake kazi hiyo, taasisi ya Jnana Prabodhini ikiwa mojawapo. Mama yule alikuja na sari yake ya pamba na miwani, akauliza swali moja tu: "Aliyemlea ni nani?" Akaandika jina la Aai kwenye daftari lake. Imekwisha hiyo.

Siku yenyewe

Siku ya manjano, Tai alikalishwa kwenye kigoda, akapakwa manjano iliyochanganywa na mafuta. Ni kama singo ya pwani yetu. Aliyempaka wa kwanza alikuwa Aai, bangili zikilia mkononi. Shangazi hakuja siku hiyo. Siku ya ndoa alikuja, akakaa safu ya tatu, akala, akaaga. Si kila ndugu atakubali mnachoamua, na harusi haikusimama kwa sababu hiyo.

Harusi ya Kimarathi ni ya mchana na haina mbwembwe nyingi kama za kwenye filamu. Mama, yaani mjomba mwenye masharubu, ndiye alimleta bi harusi. Kati ya maharusi kukashikwa kitambaa ili wasionane. Beti za baraka zikaimbwa, sisi wageni tukiwarushia mchele uliopakwa rangi kila beti ikiisha. Kitambaa kikashushwa, macho yakakutana, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Binamu akamsokota bwana harusi sikio ili akumbuke kwamba binti ana kwao. Na mimi? Nilikuwa kwenye genge la wasichana tulioiba viatu vya bwana harusi. Tulilipwa rupia 5,000 ndipo tukavirudisha. Chakula kikawa jalebi na masale bhat, wali wa viungo ambao ungeuita pilau isiyo na nyama.

Halafu moto ukawashwa. Ni moto mdogo, katika sinia, lakini ndio shahidi. Maharusi wakatembea hatua saba juu ya vichungu vya mchele, kila hatua na ahadi yake: chakula, nguvu, mali, furaha, watoto, afya katika majira yote, na ya saba ni urafiki. Nilipenda kwamba urafiki ndio hitimisho. Hata sheria yao ya ndoa ya mwaka 1955 inasema pale penye desturi hii, ndoa inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, Mahakama ya Juu ya India iliwakumbusha vijana kwamba ndoa ya Kihindu si tukio la kuimba, kucheza, kula na kunywa tu.

Nikawaza moto ule. Miezi sita nyuma, Tai alishika moto kumsindikiza baba yake. Sasa ameketi mbele ya moto kuanza nyumba yake. Ni moto uleule kwao, na mikono ni ileile.

Simu ya Dar

Usiku ule nilimpigia mchumba wangu. Nyumbani barua ya posa ilikuwa inasubiri nirudi. Baba yangu alifariki mwaka 2011. Mama ndiye aliyeuza vitenge na maandazi hadi mimi nikafika Pune. Lakini mpango uliokuwa umeshapangwa na wazee ni kwamba baba zangu wadogo wapokee barua na kuzungumza mahari sebuleni, na Mama akae ndani na akina mama wengine, aitwe mwishoni kusalimia.

Nikamwambia, "Nataka Mama akae sebuleni."

Akanyamaza. Kisha, "Mpenzi, wazee wangu watanielewaje? Wataona kwenu hakuna wanaume."

Tulibishana wiki tatu. Kuna siku alikata simu. Kuna siku nilijiuliza kama huyu ndiye mwanaume wa kuishi naye. Nikamsimulia habari za Tai, chungu, kunguru, bangili, yote. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hiyo mimi nikifa, unaogopa ndugu zangu watakufanyia nini?" Hapo ndipo mazungumzo yetu ya kweli yalipoanza. Tuliongea habari za nyumba, akaunti, watoto, na nani atazika wapi. Si maneno matamu ya usiku, lakini nililala vizuri.

Barua ilikuja Agosti 2024. Mama alikaa sebuleni, kiti cha kando ya baba mdogo. Mshenga alisita kidogo, akatazama huku na huku, kisha akaipeleka barua kwa mikono miwili. Baba mdogo akaipokea, akampa Mama aifungue.

Ukialikwa msibani au harusini kwa Wahindu

• Msibani vaa nyeupe au rangi iliyopoa. Vua viatu mlangoni. Usishangae kusikia mazishi ni leo leo.

• Usipeleke nyama. Uliza majirani wanapikaje zamu, nawe uingie.

• Harusini kinyume chake: vaa rangi kali, epuka nyeusi na nyeupe tupu.

• Ukiweka pesa kwenye bahasha, ongeza moja juu: 101, 501, 1,001. Namba inayoishia na sifuri huonekana kama imefika mwisho.

• Desturi hutofautiana. Mgujarati, Mmarathi na Mtamil hawafanyi sawa. Uliza, watafurahi kukueleza.

Kabla ya kadi za michango

Kamati ya harusi itakuuliza ukumbi, keki na mshereheshaji. Haitakuuliza haya, kwa hiyo ulizaneni nyie wawili:

• Katika posa na ndoa yetu, nani amewekwa nyuma ambaye alistahili kuwa mbele?

• Mmoja wetu akitangulia, mwingine atabaki wapi, na kwa karatasi gani? Wosia si uchuro. RITA wanasaidia kuuandika na wanauhifadhi.

• Desturi ipi ya kwetu tunaibeba kwa moyo wote, na ipi tunaiweka chini kwa heshima?

• Ndugu asiyekubali tutamjibuje, na nani kati yetu atamjibu?

La mwisho ndilo zito. Tai aliweza kwa sababu mwanaume wake alikwenda kukaa sebuleni na wazazi wake mwenyewe, akasema. Ndugu wa mke wajibiwe na mke, ndugu wa mume wajibiwe na mume. Mkiweza hilo kabla ya harusi, ile hatua ya saba, ya urafiki, mtakuwa mmeshaipiga.